MAUMIVU YA UGONJWA WA PARKINSON: JINSI YA KUYATAMBUA NA KUYAPUNGUZA

Tunajua wengi mkikaa kwenye kompyuta za kafe mnakimbilia matokeo ya mpira na matangazo ya ajira. Hakuna ubaya. Ila mada ya leo ipeni dakika kumi, maana inawahusu wazee wetu, na kazi yenyewe inafaa zaidi kwa kijana anayejua kusoma na kuandika, mwenye saa kwenye simu yake.

Mada ni maumivu ya watu wenye ugonjwa wa Parkinson. Wengi tunaujua kama "ule ugonjwa wa kutetemeka". Tunachosahau ni kwamba unauma. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hupata maumivu yanayotokana na ugonjwa wenyewe, na wengine huanza kuumwa bega au mgongo muda mrefu kabla mkono haujaanza kutetemeka. Mzee anasema bega linauma, anaambiwa ni baridi ya Njombe. Anasema mguu unamkaza alfajiri, anaambiwa ni uzee. Miaka inapita anameza vidonge vya baridi yabisi, na ugonjwa wenyewe haujapewa hata jina.

Tuanzie mwanzo, twende taratibu.

PARKINSON NI NINI?

Ni ugonjwa wa ubongo. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali inayoitwa dopamini, ambayo inasaidia mwili kufanya miondoko yake vizuri. Seli hizo zinapokufa kidogo kidogo, dopamini inapungua. Matokeo yake makubwa ni matatu: mwili unakuwa mzito na wa taratibu, misuli inakakamaa, na kwa wengi (sio wote!) mkono au mguu unatetemeka ukiwa umepumzika. Baadaye mtu anaanza kuyumba na kuanguka.

Jina linatokana na daktari wa London, James Parkinson, aliyeuandika mwaka 1817. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa nao. Mwanamasumbwi Muhammad Ali alikuwa mmoja wao. Wazee wetu wanamkumbuka alipokuja Dar es Salaam Februari 1980, ametumwa na Rais Jimmy Carter wa Marekani kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow. Miaka minne baadaye, 1984, madaktari walimwambia ana ugonjwa huu, na mwaka 1996 dunia nzima ilimuona akiwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta huku mkono ukitetemeka. Alifariki Juni 2016. Kwa hiyo usidhani ni ugonjwa wa watu dhaifu.

Na hapa Tanzania upo? Upo sana. Watafiti walipita kijiji kwa kijiji wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, eneo lenye watu wapatao 161,000. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Walikuta wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana Parkinson. Wanatetemeka tu nyumbani, hawana jina la ugonjwa, hawana dawa. Sasa jiulize vijijini kwetu hali ikoje.

KWA NINI MAUMIVU YAKE HAYAONEKANI?

Sababu ni nne.

Ya kwanza ni uso. Mtu akiumia sisi tunamtazama usoni: amekunja ndita, amefumba macho, amekaza meno. Parkinson inakakamaza mpaka misuli ya uso. Uso unakuwa kama kinyago, hauonyeshi furaha wala uchungu. Babu anaweza kuwa na maumivu makali na uso wake ukabaki umetulia kama mtu anayesikiliza redio.

Ya pili ni sauti. Inakuwa ndogo, ya chini, haina nguvu. Akilalamika husikii, na akirudia mara tatu anachoka, ananyamaza.

Ya tatu ni malezi yetu. Unamwamkia, "Shikamoo babu, umeamkaje?" Jibu ni "Marahaba mjukuu wangu, sijambo, uzee tu." Mzee wa Kibena au wa Kikinga hawezi kukaa anamlilia mjukuu wake kwamba mguu unauma. Ataficha.

Ya nne ni sisi wenyewe pamoja na baadhi ya wahudumu. Tunaangalia mtetemeko kwa sababu ndio unaoonekana, wakati mgonjwa mwenyewe mtetemeko haumsumbui kama maumivu.

Kwa hiyo usisubiri aseme. MUULIZE, tena swali lenye jibu. Badala ya "hujambo?" sema: "Babu, kwa vidole kumi, leo maumivu ni vidole vingapi?" Hakuna kidole maana yake hakuna maumivu, kumi ni yale makali kuliko yote. Na kama hawezi kujibu, angalia matendo: anakataa kugeuzwa kitandani, anavuta mkono ukimshika, halali usiku, anaguna akiamshwa, ameacha kula, amekuwa mkali ghafla, au anatoka jasho bila sababu.

AINA ZA MAUMIVU

Maumivu ya Parkinson sio ya aina moja, na dawa ya aina moja inaweza isisaidie nyingine kabisa. Zijue hizi tano.

1. MAUMIVU YA MISULI NA VIUNGO. Haya ndiyo yanayowapata wengi. Misuli imekakamaa kutwa, kiungo hakizungushwi, basi kinauma. Bega ndilo linaloongoza: linaganda, mzee hawezi kuvaa shati wala kujifunga kitenge. Shingo, mgongo na nyonga hufuata. Dalili ya kukushtua: bega linauma upande uleule ambao mkono wake haurushwi anapotembea, au upande ambao maandishi au kazi za mkono zimekuwa taratibu. Hapo usiishie kusema baridi yabisi, sema apimwe na Parkinson.

2. MAUMIVU YA MISULI KUJIKAZA YENYEWE. Misuli inavuta bila mtu kutaka. Mfano maarufu ni wa alfajiri: vidole vya mguu vinajikunja chini, unyayo unapinda kwa ndani, ndama wa mguu anakuwa mgumu kama jiwe. Mzee anaamka saa kumi na moja na hawezi kukanyaga chini. Hii hutokea sana kwa sababu dawa aliyomeza jioni imeisha mwilini. Wengine humtokea dawa inapokuwa kali mwilini. Ndio maana muda ni muhimu, tutaurudia.

3. MAUMIVU YA MSHIPA WA FAHAMU. Yanapita kama umeme au moto kutoka mgongoni hadi mguuni, au shingoni hadi mkononi, pamoja na ganzi na kuchomachoma. Mara nyingi mshipa umebanwa kwenye uti wa mgongo. Hapa kuna jambo la kwetu hasa: nyayo zote mbili kuwaka moto kunaweza kutokana na kisukari, upungufu wa vitamini B, VVU au baadhi ya dawa, ikiwemo dawa ya TB iitwayo isoniazidi. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha maambukizi ya VVU mkoa wa Njombe kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima, ya juu kuliko mkoa wowote. Wazee nao wamo. Kwa hiyo kila kitu kisitupiwe Parkinson. Apimwe sukari na VVU bila kuoneana haya.

4. MAUMIVU YATOKAYO KWENYE UBONGO WENYEWE. Haya ni magumu kuyaeleza. Mtu anasema mwili unawaka, tumbo linauma, mdomo unachoma au sehemu za siri zinauma, na akipimwa hakuna kidonda wala uvimbe. Hajifanyi! Dopamini husaidia ubongo kuchuja maumivu. Ikipungua, kitu kidogo kinasikika kikubwa. Ila daktari lazima aondoe sababu nyingine kwanza.

5. KUTOTULIA. Sio maumivu ya moja kwa moja, ni hali ya miguu kuwasha kwa ndani hasa usiku, mtu hawezi kukaa wala kulala, lazima aisogeze. Wazee wengi wataliita hili "maumivu ya miguu", kumbe akitembea kidogo linapungua.

Ongezea yale ya kawaida yanayosahaulika: tumbo kwa sababu ya kukosa choo siku nne (Parkinson inaleta sana hili), UTI, jino, vidonda vya kulalia, na mfupa uliovunjika baada ya kuanguka.

SAA YA MAUMIVU NA SAA YA DAWA

Hapa ndipo penye uhondo wa mada, na ndipo kijana unapohitajika.

Dawa kuu ya Parkinson inaitwa levodopa, ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1960. Siku hizi hutolewa ikiwa imechanganywa na kabidopa kwenye kidonge kimoja, na mojawapo ya majina yake ya biashara ni Sinemet. Kwenye boksi utaona namba kama 25/100 au 25/250. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inaingia ubongoni na kugeuka dopamini. Haiponyi ugonjwa ila inampa mtu maisha.

Tatizo ni kwamba inafanya kazi kwa saa chache kisha inaisha. Mwanzoni mgonjwa hahisi. Miaka ikipita anaanza kuona: saa moja baada ya kumeza mwili mwepesi, saa tatu au nne baadaye mwili unaganda tena. NA MAUMIVU HUFUATA RATIBA HIYOHIYO. Yanapanda dawa ikiisha, yanashuka dawa ikianza kazi.

Ukilijua hili, umempa daktari jibu nusu. Kama maumivu yanakuja dawa ikiisha, mara nyingi suluhisho ni kupanga upya muda au kiasi cha levodopa, sio kuongeza Panadol. Kama yanakuja dawa ikiwa kali, huenda ni kupunguza. Na kama yapo muda wote bila kujali dawa, basi tafuta chanzo kingine: kiungo, mshipa au mfupa.

Sasa daktari atajuaje? Anamuona mzee dakika kumi. Mzee mwenyewe hakumbuki. Wewe chukua daftari la kawaida la shule, chora mistari ya safu tano, jaza kwa siku saba:

- SAA (mfano saa 11 alfajiri)
- PANAUMA WAPI, na panauma vipi (panakaza, panachoma, panavuta, kama umeme)
- VIDOLE VINGAPI kati ya kumi
- DAWA aliyomeza mara ya mwisho, saa ngapi, na amekula nini karibu na dawa
- MWILI UKOJE saa hiyo: mwepesi, umeganda, au unachezacheza wenyewe

Mfano wa mstari mmoja: "Saa 11 alfajiri, mguu wa kushoto, vidole vimejikunja, panakaza, vidole 8. Dawa ya mwisho saa 1 jioni, kala ugali na maharage. Mwili umeganda, kashindwa kugeuka." Mstari huu mmoja unamwambia daktari mengi kuliko "mguu unamsumbua". Na kama simu yako inarekodi video, rekodi mguu unapojikunja (muombe ruhusa kwanza, ni mzee wako), maana mkifika hospitali saa nne asubuhi dalili itakuwa imeshapotea.

Ukikaa na daftari la siku saba utaona mwenyewe maumivu yana saa zake.

CHAKULA NA DAWA

Levodopa na vyakula vya kujenga mwili (nyama, maharage, maziwa, mayai, samaki) vinapigania njia moja ya kuingia mwilini. Mzee akimeza dawa juu ya maharage, dawa inachelewa au inafika kidogo, na maumivu yanarudi. Ampe kidonge nusu saa kabla ya kula, au saa moja hadi mbili baada ya kula. Kama kinamletea kichefuchefu, ale kitu chepesi nacho, kama kipande cha kiazi au uji usio na maziwa. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo viachane na levodopa kwa saa mbili hivi. Hii haina maana aache maharage! Anahitaji nguvu. Ni kupishanisha saa tu.

Pia levodopa HAIKATISHWI GHAFLA. Dawa ikikaribia kuisha kwenye boksi, tafuta nyingine mapema. Kukatisha ghafla kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa kiasi cha kuhatarisha maisha.

DAWA ZA MAUMIVU: IPI NI IPI

Panadol ya kawaida ndiyo ya kuanzia kwa maumivu ya misuli na viungo, kwa kipimo kilichoandikwa, na sio pamoja na pombe. Mzee anayepiga ulanzi kila jioni daktari wake ajue.

Diklofenaki na Brufen zinauzwa kila duka la dawa muhimu na watu wanazimeza kama karanga. Kwa mzee ni hatari: vidonda vya tumbo na kutoka damu, figo, presha kupanda. Siku chache kwa ushauri wa daktari sawa, mwezi mzima bila kupimwa hapana.

Kwa maumivu ya mshipa wa fahamu madaktari hutumia dawa kama amitriptilini au gabapentini. Zinasaidia, lakini kwa mwenye Parkinson zinaweza kuleta usingizi, kuchanganyikiwa na kuanguka, hivyo huanza kwa kiasi kidogo sana. Tramadol nayo sio ya kununua kichochoroni: inafunga choo, inalevya, na inagombana na baadhi ya dawa za Parkinson kama selejilini.

Artane ni kidonge ambacho wagonjwa wengi hupewa. Kinaweza kusaidia mtetemeko kwa wenye umri mdogo, lakini kwa wazee kinaweza kuleta kusahau, kuona vitu visivyokuwepo, kukosa choo na mkojo kuziba. Kama mzee wako ameanza kuongea na watu wasioonekana baada ya kuanza dawa, msikimbilie kusema mizimu. Rudini hospitali na boksi la dawa.

DAWA ZA KUKATAA AU KUULIZA KWANZA

Hii andikeni pembeni. Kuna dawa zinazozuia dopamini, na mwenye Parkinson akipewa anaganda zaidi na maumivu yanaongezeka:

- Plasil, inayotolewa sana kwa kutapika
- Haloperidoli na Largactil, zinazotolewa kwa kuchanganyikiwa au fujo

Tena dawa hizi zinaweza kumletea mtu mzima kabisa dalili zinazofanana na Parkinson! Kila mnapokwenda zahanati, hata kwa malaria, sema kwanza: "Mzee wangu ana Parkinson, hii dawa haizuii dopamini?" Sio utovu wa adabu kuuliza, sema kwa heshima tu.

NYUMBANI UFANYE NINI?

Mazoezi ni dawa, na hili sio porojo. Misuli inayonyooshwa kila siku inauma kidogo. Mfanye muda ambao dawa inafanya kazi, mwili ukiwa mwepesi:

- Bega: asimame mbele ya ukuta, apandishe vidole ukutani kama buibui mpaka anapoweza, ashushe. Mara kumi kila mkono.
- Mgongo na shingo: akae kwenye kiti, ageuke taratibu kulia, kisha kushoto.
- Mguu: akae, anyooshe goti, avute vidole vya mguu kumwelekea yeye, ahesabu mpaka ishirini.
- Kutembea: nje, kila siku, hata dakika kumi mara tatu. Mhesabie "moja, mbili, moja, mbili" au mpigie makofi. Mdundo unasaidia miguu iliyoganda.

Baridi ya kwetu ya Juni na Julai, na ule upepo wa Makambako, havileti Parkinson, ila misuli iliyokakamaa inazidi kukaza kwenye baridi. Soksi, blanketi na kukandwa kwa kitambaa cha maji moto husaidia sana. Pima maji kwa mkono wako, maana mwenye ganzi anaungua bila kujua. Kuchuliwa kwa mafuta nako ni kuzuri, taratibu, bila kuvunja shingo wala kuvuta kiungo kwa nguvu. Na jamani, JIKO LA MKAA LISILALE NDANI. Hewa yake ya sumu haina harufu, inaua familia nzima usingizini, na mzee asiyeweza kugeuka hawezi kukimbia.

Usiku mgeuze kila baada ya saa chache kama hawezi mwenyewe. Asubuhi asiburuzwe kutoka kitandani. Kama dawa ya alfajiri imeagizwa, apewe akiwa amelala bado, asubiri ifanye kazi, ndipo akanyage chini. Maji ya kutosha, matunda (parachichi tunazo!), mboga, ili choo kisifunge.

Usisahau moyo. Parkinson inaleta huzuni kama ugonjwa kamili, sio tabia, na huzuni inazidisha maumivu. Mzee anayeachwa chumbani peke yake huumia zaidi. Kaa naye.

DALILI ZA KUKIMBIZA HOSPITALI LEOLEO

- Maumivu ya mgongo pamoja na miguu kuishiwa nguvu ghafla, ganzi katikati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo au choo
- Ameanguka na nyonga inauma, mguu umekuwa mfupi au umepinda
- Maumivu ya kifua. Hayo usiyaite Parkinson kamwe mpaka moyo upimwe
- Homa kali na mwili kukakamaa ghafla
- Tumbo limevimba, hapati choo wala hewa, anatapika
- Mgongo unauma wiki nyingi, anakonda, anatoka jasho usiku: apimwe TB ya mifupa

MKATIBIWE WAPI?

Anzeni kituo cha karibu, mpate rufaa. Mkoani tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe, Ilembula ya KKKT kule Wanging'ombe, na Ikonda ya Wakonsolata kule Makete ambayo watu husafiri kutoka mikoa ya mbali kuifuata. Wa Makambako wanaweza pia kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Mabingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache nchini na wengi wako hospitali kubwa kama Muhimbili na KCMC. Parkinson haina kipimo cha damu. Daktari anaitambua kwa kuangalia, kushika na kuuliza. Ndio maana daftari lako linaweza kusaidia kuliko picha za gharama.

Ulizeni pia fiziotherapia, na huduma ya tiba shufaa kwa ugonjwa uliofika mbali. Tiba shufaa sio ya kusubiri kifo, ni ya kupunguza mateso. Sera ya afya inataka wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea watibiwe bure, hivyo fuatilieni kitambulisho cha mzee kupitia ofisi ya kijiji au mtaa, na mkifika ulizeni dirisha la wazee. Kwa wenye bima, ulizeni mapema kama levodopa imo.

MASWALI TUNAYOSIKIA SANA MTAANI

Je, karogwa? Hapana. Ni seli za ubongo zinazokufa. Kumuombea ni vizuri, ila chale na kumtafuta mchawi kwa majirani kumeshabomoa familia bila kumpunguzia mgonjwa maumivu hata kidole kimoja.

Unaambukiza? Hapana. Mle sahani moja, mlale chumba kimoja.

Ni wa wazee tu? Wengi huanza baada ya miaka 60, lakini wapo wanaoanza chini ya 50, na wapo hata wa miaka ya 30.

Eti upupu ni dawa? Hapa pana ukweli nusu. Ule upupu unaowasha, mbegu zake zina levodopa ya asili kweli, na umefanyiwa utafiti. Lakini kiasi chake hakipimiki kwa jicho, na ukichanganywa na vidonge unaweza kumzidishia mtu dawa. Usimpikie babu upupu jikoni.

Utapona? Hakuna dawa ya kuuponya mpaka sasa. Ila maumivu yake mengi YANAPUNGUZIKA, na hapo ndipo tunaposhindwa kwa sababu hatuulizi.

Basi wadau, ukitoka hapo kafe leo pitia duka la vitabu, nunua daftari moja. Kama nyumbani kuna mzee anayetetemeka, au asiyetetemeka ila amekuwa mzito na bega haliponi, kaa naye jioni umuulize ni vidole vingapi. Siku ya nane mpeleke kliniki na daftari mkononi.

Wenye uzoefu wa kuuguza mzee wa Parkinson, wauguzi, madaktari na wafamasia mliopo humu, karibuni kwenye maoni hapo chini mtuongezee nyama au mtusahihishe. Ila msiandike majina ya wagonjwa wenu. Na wewe mwenye mzee mbali, chapisha ukurasa huu umtumie kwa basi.